Bwana Anataka Twende Kusini na Shanta

Miongoni mwa barua zilizofika mezani juma hili kuna moja iliyonikalisha kitako. Imetoka Maungu, kile kituo cha malori kilicho kando ya barabara kuu ya Mombasa, mwendo wa kilomita thelathini hivi kabla hujafika Voi. Aliyeandika ni mama wa makamo mwenye watoto wanne. Wawili wamekwisha kuwa na miji yao, mmoja yuko chuoni na kitinda mimba ndiye huyo amemaliza kidato cha nne. Jina lake nimelihifadhi kama alivyoomba.

Mumewe alikuwa dereva wa masafa marefu kwa miaka ishirini na miwili. Kampuni iliyomwajiri ilipeleka mizigo Tanzania na Zambia, na mara nyingine hadi Botswana na Afrika Kusini. Nyumbani alikuja kama mgeni, siku tatu, nne, kisha simu ikilia anashika njia. Mama naye alibaki Maungu na kibanda chake cha chai na maandazi. Anaandika kwamba kwa miaka yote hiyo aliwapikia chai waume wa watu wengine, huku wa kwake akinyweshwa na wengine asikokujua.

Mwaka jana bwana ameacha kazi, macho hayamruhusu tena kuendesha usiku. Amelipwa haki yake, na kuna akiba ya ushirika. Watu wa rika lake wakipata fedha kama hizo hununua ploti au matatu. Yeye ameingia nyumbani na shanta mbili mpya za kubebwa mgongoni na kutangaza kwamba wataondoka wawili, miezi sita, kwa basi na garimoshi, wapite Tanzania, Zambia, Botswana na kuendelea hadi Cape Town. Ati kila mwaka aliwaona wazungu, mke na mume, wakishuka mabasini mipakani na mizigo mgongoni, na kila mara moyo wake ulisema, siku moja mimi na mama watoto.

Mama anauliza mambo matatu. Je, watu wazima kama wao si watachekwa? Je, fedha zikiisha njiani? La tatu ameliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kana kwamba hakutaka nilione. Anaogopa kwamba barabara ile ina nyumba nyingine, na kwamba akienda ataiona.

Nianze na hilo la kuchekwa, maana ndilo jepesi. Ni nani aliyesema kubeba mzigo mgongoni na mkeo kando ni mambo ya wazungu? Maungu yenyewe ilijulikana kwa watembeao kwa miguu kabla haijajulikana kwa magari. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilivuka nyika ya Taru bila maji, na ilipofika hapo watu walilazimika kupanda kilima wakiwa na kiu kutafuta maji kwenye mashimo ya miamba. Na kule upande wa Bagamoyo na Tabora, wapagazi wa Kinyamwezi wengi walifuatana na wake zao. Mume alibeba pembe au mtumba wa nguo, mke akabeba sufuria na mkeka, na jioni wakawa na moto wao wenyewe kambini. Safari hizo zilichukua miezi mingi, na hakuna aliyewacheka. Majirani wakikucheka, mama, waache wacheke, wewe utakuwa Mbeya.

Sasa nataka kukupa kisa cha mama mmoja aliyesafiri na mumewe huko huko Kusini, kwa sababu nadhani ndani yake kuna swali ambalo hukuniuliza.

Sote tulisomeshwa shuleni habari za David Livingstone. Wachache tuliambiwa habari za mkewe, Mary. Huyu hakuwa mgeni wa Afrika. Alizaliwa Griquatown, Kusini, mwaka 1821, akakulia Kuruman ambako baba yake Robert Moffat alikuwa mmisionari, na Kitswana alikizungumza kama mwenyeji. Walipooana mwaka 1845, mwanamke ndiye aliyeijua nchi kuliko mwanamume. Alijua kutengeneza sabuni na mishumaa, na alijua namna ya kuishi na watu.

Mwaka 1850 bwana alimchukua yeye na watoto watatu wadogo kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, wakapita ukingoni mwa jangwa la Kalahari hadi Ziwa Ngami. Naye mama ni mja mzito. Watoto wakashikwa na homa, wakageuza. Muda mfupi baada ya kurejea akajifungua binti, na mtoto yule hakufikisha miezi miwili duniani.

Ungedhani yametosha. Mwaka uliofuata bwana akasema tena twende, na mke alikuwa mja mzito tena. Safari hiyo mama mzazi wa Mary alishindwa kujizuia, akamwandikia mkwewe barua kali ya kumkemea kwa kumburura binti yake na watoto nyikani katika hali ile. (Mama mkwe ni mama mkwe, awe wa Kuruman au wa Wundanyi.) Barua haikubadili kitu. Walikwenda, maji yakawaishia njiani siku kadhaa hata watoto wakawa wanalia kwa kiu, na mtoto wa tano akazaliwa kando ya mto wakiwa safarini.

Mwaka 1852 Livingstone alimpandisha mkewe melini huko Cape Town pamoja na watoto wanne, akawapeleka Uingereza, nchi ambayo Mary hakuwa amekulia. Yeye akarudi zake bara. Zilipita zaidi ya miaka minne hadi Desemba 1856 ndipo walipoonana tena. Wakati huo wote mwanamke alihangaika kutoka nyumba hadi nyumba, hana fedha, hapatani na wakwe. Mwaka 1858 wakaondoka pamoja kuelekea Zambezi, lakini njiani ikaonekana ana mimba, akaachwa Cape. Alipomfikia mumewe mwanzoni mwa mwaka 1862 hawakukaa pamoja miezi mitatu. Malaria ilimchukua tarehe 27 Aprili mwaka huo, na kaburi lake liko Shupanga, Msumbiji, kando ya Zambezi, chini ya mbuyu.

Sisemi Mary hakutaka kwenda. Pengine alipenda shida ya njiani kuliko upweke wa kubaki, na wewe mama wa Maungu, uliyebaki miaka ishirini na miwili, utamwelewa kuliko mimi. Lakini hebu jiulize, ni nani aliyeamua siku ya kuondoka? Ni nani aliyechagua njia, na nani aliyesema sasa inatosha, turudi? Kila mara ni mmoja. Yule mwenye kuijua nchi na lugha yake aligeuzwa sehemu ya mzigo.

Ndiyo maana katika barua yako lililonishtua si Cape Town, wala hiyo miezi sita. Ni zile shanta mbili. Bwanako amekununulia shanta kabla ya kukuuliza kama utakwenda. Hata rangi hukuulizwa! Sidhani alikuwa na nia mbaya, nadhani alidhani anakupa zawadi. Lakini mtu aliyezoea kuamua peke yake kwa miaka ishirini, saa ya kulala, saa ya kuondoka, wapi pa kula, hataacha desturi hiyo kwa sababu tu umeketi kando yake.

Kwa hiyo kabla ya kujadili nauli, mkae chini mkubaliane juu ya nani mwenye usemi. Ningekuwa wewe ningedai yafuatayo, tena mbele ya mtoto mkubwa ili pawe na shahidi. Fedha za njiani zigawanywe nusu kwa nusu na kila mtu abebe zake mwilini, si zote katika mfuko wa bwana eti yeye ndiye mzoefu. Nauli ya kurudi itengwe tangu nyumbani na isiguswe. Na yeyote kati yenu akisema "nataka kurudi", mwenzake asibishane, wageuze. Hili la mwisho ndilo zito. Wanaume wengi watalikubali kwa mdomo Maungu na kulikana Lusaka.

Kuna jingine dogo lakini litakuudhi kila siku. Mwili wa dereva umezoea kukimbizana na muda wa mzigo. Atataka mmalize kilomita mia sita leo na nyingine mia sita kesho, na mkifika atakuonyesha mizani na foleni ya mpakani. Muulize amepita Livingstone mara ngapi. Kisha muulize kama amewahi kuyaona maporomoko ya maji ya Mosi-oa-Tunya kwa macho yake, ambayo wageni wanavuka bahari kuyatazama, upana wake mita 1,708 na kimo chake mita 108. Ukigundua alipita karibu nayo mara nyingi asiyatazame, basi hapo wote wawili ni wageni, na hakuna mwalimu wala mwanafunzi. Mlale siku tatu kila mahali panapostahili. Siku moja achague yeye mtakakokwenda, siku ya pili uchague wewe.

Tuje kwenye fedha na makaratasi, maana barua yako inaonyesha unadhani safari hii ni ya matajiri.

Mkiwa Maungu mna bahati, mpaka uko karibu. Mtapita Voi na Mwatate hadi Taveta, barabara ni ya lami siku hizi, na pale Holili tangu mwaka 2016 ofisi za nchi mbili zinafanya kazi pamoja, mnashuka mara moja tu. Kutoka hapo Moshi ni pua na mdomo. Pasipoti ni lazima kila mtu awe na yake, yenye kurasa tupu za kutosha na muda usiokaribia kwisha. Tanzania, Zambia na Botswana hazimdai Mkenya viza kwa matembezi. Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa ikitusumbua kwa miaka mingi, lakini tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Hesabuni siku mlizogongewa, msipitishe hata moja.

Msisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya iko katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na mkifika Kusini bila cheti mnaweza kurudishwa mlangoni. Mchanjwe siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka. Kama bwana alichanjwa zamani akiwa kazini atafute kile cheti, kwani tangu mwaka 2016 chanjo moja huhesabiwa ya maisha.

Kutoka Dar es Salaam kuna njia mbili. Moja ni basi hadi Tunduma. Nyingine ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nawashauri reli kwa sababu moja tu, kwamba bwana hajaipanda na hawezi kujifanya anaijua. Lakini ulizeni kwanza kituoni kama treni ya abiria inatembea na lini, maana ratiba yake haina ahadi, na sasa kuna mipango mikubwa ya kuikarabati. Mpakani Tunduma msibadilishe fedha na vijana wa vichochoroni wanaohesabu noti kwa kasi. Shilingi yetu ikishapita Tanzania haina mwenyewe. Zambia ni kwacha, Botswana ni pula, Kusini ni randi. Mkiingia Zimbabwe mtakuta sarafu iitwayo ZiG iliyoanza Aprili 2024, ingawa dola ya Marekani ndiyo watu wanayoiamini.

Pale Kazungula bwana atakuwa na hadithi ndefu. Madereva walikuwa wakilala siku nyingi wakingoja pantoni ya kuvuka Zambezi kati ya Zambia na Botswana. Mwezi Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923. Mpe nafasi asimulie kutwa nzima, hayo ndiyo maisha aliyoishi usipokuwepo. Ng'ambo ya pili mtakuta watu wanalipa fedha nyingi kuwatazama ndovu. Nyinyi ndovu wenu wanakuja kula mahindi bila kualikwa, kwa hiyo hapo mtaokoa pesa.

Kuhusu majira, mkiondoka baada ya Pasaka mtayakuta maporomoko mwezi Mei yakiwa bado yamejaa. Mkichelewa hadi Oktoba, upande wa Zambia hubaki mwamba mkavu sehemu kubwa. Lakini mjue Juni na Julai ni kipusa hasa huko Johannesburg, asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Mtu wa Maungu hajui baridi hiyo. Sweta mbili kila mtu, na kilo zisizidi kumi ndani ya shanta. Sufuria moja ndogo inatosha, kwani hoteli ndizo zinazokula akiba, si mabasi. Wale wazungu mliowaona wanadumu njiani miezi na miezi kwa sababu wanajipikia, hawana siri nyingine.

Na kama miezi sita inakutisha, usikubali miezi sita. Anzeni na siku tatu, tena papo hapo. Kutoka Maungu kuna barabara ya vumbi inayopita ranchi ya Rukinga hadi Kasigau. Tafadhali msiende kwa miguu hapo katikati, kuna ndovu na simba. Pandeni gari hadi Rukanga, kisha mzunguke mlima kijiji kwa kijiji, Jora, Bungule, Makwasinyi, mkibeba zile shanta, na siku moja mpande na kijana wa kuwaongoza. Mlima ule una zaidi ya mita 1,600. Rebmann aliufikia mwaka 1847, mwaka mmoja kabla hajaiona theluji ya Kilimanjaro, na wewe umeutazama kutoka kibandani kwako miaka yote hii. Wenyeji watawaeleza habari za mwaka 1915, serikali ya Waingereza ilipowashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, ikawahamisha hadi Malindi, wake kwa waume na watoto wao, na wengi wakafia huko. Safari ya kulazimishwa watu wa hapo wanaijua.

Katika siku hizo tatu utajua mengi. Utajua kama anakungoja ukichoka au anatangulia. Utajua mnazungumza nini jioni pasipo na televisheni, pasipo na wajukuu.

Sasa lile la herufi ndogo.

Sitakuambia kwamba hakuna kitu. Simjui bwanako. Najua tu kwamba kazi ile inawaweka watu mbali na nyumba zao mno, na kwamba wapo madereva wenye watoto katika miji ambayo wake zao hawajaisikia, na wapo wengine, tena si wachache, waliolala ndani ya gari miaka yote wakila mkate na soda ili karo ilipwe. Majirani huwaweka wote katika kapu moja, na huo ni uonevu.

Ninalokuomba ni kwamba usiende kuchunguza. Ukipanda basi ukiwa na nia ya kumtazama kila mwanamke anayemsalimu bwanako Tunduma, utakuwa umelipa nauli ya kwenda kuumia, na mambo kama hayo hayafai kuzungumzwa chumba cha kukodi, ugenini, huna dada wala shangazi wa kumkimbilia. Muulize kwenu, mlango umefungwa, kabla ya kununua tiketi. Muulize mara moja tu na kwa maneno ya wazi: huko tunakokwenda kuna mtu, au kuna mtoto, ambaye ninapaswa kujua habari zake? Kisha unyamaze. Usimsaidie kujibu.

Akisema hapana, nawe ukaamua kumwamini, basi umwamini hadi Cape Town na kurudi, usilifufue neno hilo kila mnapogombania njia. Akisema ndiyo, safari isimame. Pengine hata ndiyo sababu anataka kukuchukua, maana wapo wanaochoka kubeba siri wakaanza kuizungukia. Hapo utahitaji wazee wa pande zote mbili, na kama ndoa yenu ni ya kanisani au ya serikali, umwone wakili pia, kwani hiyo sheria yetu huihesabu ya mke mmoja. Na kwa jibu lolote atakalotoa, nendeni Voi mkapime damu wote wawili, yeye na wewe, siku moja, mkapokee majibu pamoja. Si matusi hayo. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuonana kwa siku tatu tatu ni haki yenu.

Kibanda chako usikifunge wala kukiuza. Mwachie huyo kitinda mimba, kwa hesabu iliyoandikwa daftarini, hata mkaenda Kasigau tu na kurudi. Ukirejea kutoka popote ukute una kazi yako.

Bwana nawe, ikiwa gazeti hili limekufikia mkononi, hongera kwa kukumbuka kwamba mkeo hajawahi kukaa kiti cha dirishani. Mpe kiti hicho, na umwache achague rangi ya shanta.

Mama, mkirudi kutoka mlimani niandikie tena. Nataka kujua ni nani aliyebeba sufuria.